Vitanda Vilikuwa Nje

Kabla hajapiga hodi, Mdadisi alikuwa anaizunguka nyumba. Sisi wengine tukiwa bado garini tunanyoosha miguu, yeye ameshafika nyuma ya jiko. Anatazama kamba ya nguo, anatazama zizi, anatazama kilichoanikwa juu ya paa na kilichofunikwa kwa turubai. Akiona kiti kimeegemezwa ukutani anakigusa. Ndipo anarudi mbele, anavua viatu na kutoa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka!" kwa sauti ya kufika mpaka shambani.

Siku za mwanzo nilimuuliza kama anatafuta mwizi.

"Natafuta mali za watu," akasema. "Za ndani watanionyesha wenyewe."

Nilimwendesha miaka mingi. Mimi ni dereva, mtu wa Isevya, Tabora mjini. Yeye alikuwa wa kijijini, upande wa Urambo, Mmoraviani wa kwaya, na amenizidi umri kiasi cha kumwamkia kila asubuhi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umekagua maji ya rejeta?" Kazi yake ilikuwa hiyo ya udadisi. Mradi ukija, na miradi ilikuwa haiishi kuja, yeye na wenzake wanapewa vishikwambi vyenye dodoso, wanapita kaya kwa kaya wakiuliza watu wanaishije. Sakafu yenu ni ya nini? Paa ni la nini? Maji mnachota wapi? Jana mlikula mara ngapi? Majibu yanapelekwa mbali, yanachanganywa na ya nchi nyingine zilizo hoi, kisha kinatoka kitabu chenye orodha: nani anaishi vibaya, nani vibaya zaidi, nani yuko mkiani kabisa.

Kila mtu alimwita Mdadisi, hata watoto wa wenzake. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini hakupenda litajwe kazini, na sioni kwa nini nilitaje mimi leo.

Alikuwa mkali kwa ukweli mpaka anaudhi. Watu walikwishajifunza kwamba aliye na shida nyingi ndiye anayeletewa mradi, kwa hiyo gari letu likionekana barabarani, baiskeli zinaingizwa uvunguni na kuku wanafukuziwa kwa jirani. Kijiji kimoja karibu na Tura, mzee alituketisha vizuri kabisa, akaulizwa mifugo, akasema hana hata kifaranga. Mbuzi akalia chumbani. Mzee akakohoa. Mbuzi akalia tena, na wa pili akamjibu.

"Baba," Mdadisi akasema, "wapo wangapi?"

"Andika hakuna, mwanangu."

"Siwezi kuandika hakuna na wao wananisalimia."

Aliandika sita. Mzee alitusindikiza kwa matusi mpaka kwenye gari. Mimi nilicheka njia nzima, lakini yeye alikuwa amevimba kwa hasira. "Mtu mzima anajivua nguo ili mgeni amhurumie," akasema. "Na mgeni akishamwona uchi, unadhani atamkumbuka kwa jina?"

Alikuwa na neno moja alilowaambia wadadisi wapya, na walilichoka: "Andika unachokiona, halafu uliza usichokiona." Akiwa nyumbani kwa watu na akakaribishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anaila yote, hata kama ana kidonda cha tumbo, maana kuacha chakula cha mtu ni kumwambia kwamba chakula chake hakifai. Chakula chake mwenyewe alichofunga asubuhi, wali na dagaa, alikisahau mara kwa mara katika nyumba alizoona jiko la baridi. Nilipomwambia kwamba huo ni udanganyifu, kwamba mama mwenye nyumba kesho akiulizwa atasema alikula wali, akanitazama vibaya. "Endesha gari," akasema.

Na alikuwa mwanamke wa kisasi. Simsingizii, yeye mwenyewe alijisifia hilo. Kijana mmoja wa timu yetu aliwahi kujaza madodoso ya kitongoji kizima akiwa amekaa kilabuni, akabuni watu na vyoo vyao. Mdadisi alijua siku ileile. Hakusema. Alikaa nalo mwaka mzima, mpaka siku ya kugawa vyeti, mbele ya wageni wote, alipoinua mkono na kumwomba kijana awasimulie kidogo juu ya yule mjane wa nyumba ya mwisho, ambaye kijana alimwandikia watoto tisa. Mjane huyo alikuwa sista wa kanisa Katoliki. Kijana alitoka ukumbini bila cheti.

"Ungemwambia tu mapema," nilisema.

"Mapema angeomba msamaha," akajibu.

Kitu ambacho sikukielewa kwake ni zile orodha. Alikuwa nazo zote, kila kitabu kilichotoka, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Alizichukia na alizijua kwa moyo. Alijua nani ametuzidi kwa maji, nani kwa shule, nani akina mama wake wanakufa zaidi wakijifungua. Na hapa nitasema jambo lisilompendeza: kitabu kipya kikifika, alikimbilia kwanza kutazama nani yuko chini yetu. Akiona Burundi, au Kongo, au nchi moja ya jangwani ambayo hatujawahi kumwona mtu wake hata mmoja, alifurahi. "Angalau hawa tumewaacha," alikuwa akisema, na anakipigapiga kitabu kama mtu anayempongeza mtoto.

Siku moja alijibiwa hilo. Tulikuwa kwenye makazi ya watu waliokuja zamani kama wakimbizi kutoka Burundi, ambao sasa ni raia wenzetu. Dodoso limekwisha, bibi mmoja anatukaangia karanga, na Mdadisi akamuuliza, kwa faida yake mwenyewe, wapi maisha ni bora, kule au hapa.

"Unataka nikusifie kwenu?" bibi akauliza.

"Nataka ukweli tu, bibi."

"Kule wamezikwa wazazi wangu. Hapa wamesoma wajukuu. Wewe unayepima, niambie kipi kizito."

Mdadisi alifunga kishikwambi. Lakini alirudi kwa bibi yule, mara nyingi, hata siku zisizo za kazi. Nilimpeleka mwenyewe. Alikuwa anajifunza Kirundi, neno kwa neno, akisema kazi inahitaji. Mradi wetu ulikuwa hauhitaji.

Sababu ya yote haya niliijua siku ya mafunzo fulani, ukumbini, Tabora mjini. Madereva tulikaa nyuma na soda zetu. Mwezeshaji akawasha mashine, na ukutani likatokea jalada la kitabu kipya cha kulinganisha maisha ya watu katika nchi zilizo taabani kuliko zote duniani. Kwenye jalada alikuwa amekaa mwanamke mtu mzima, kichwa kimenyolewa, miguu imenyooshwa sakafuni, macho hayamtazami mtu. Nyuma yake chumba kitupu. Hakuna kitanda, hakuna kiti, hakuna hata sufuria. Palikuwa na maneno ya Kiingereza chini yake, na mwezeshaji akayafasiri kwa sauti ya mahubiri: "Hana cha kukalia, hana cha kulalia."

Nikasikia kiti kikianguka mbele. Mdadisi alikuwa amesimama. Alikwenda mezani, akachukua nakala moja bila kuomba, akaja moja kwa moja nilipokaa.

"Baba, una funguo?"

Tulikuwa tumeshapita mizani ya mjini ndipo aliposema. "Yule ni mama yangu."

Nikapunguza mwendo.

"Siku ile tulikuwa tumemzika baba jana yake."

Akanieleza, macho yakiwa barabarani. Miaka mingi nyuma, kabla hajawa mdadisi, alikuwa mkalimani wa mtaalamu mmoja kutoka nje, mtu mrefu, mwenye Kiswahili cha kuombea chai tu, aliyekuwa anazunguka vijijini kuandika habari za maisha ya watu. Baba yake akafariki, akaomba ruhusa. Siku ya pili ya msiba, mtaalamu akafika kijijini na gari lake. Mdadisi alidhani amekuja kuwapa pole. Nyumba ilikuwa imejaa akina mama, na kama kawaida ya msiba, vyombo vyote vilikuwa vimetolewa ili watu wapate nafasi ya kulala chini: vitanda viwili vya mninga, kabati, meza ya kulia, viti sita. Vyote vilipangwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Wanawake walikuwa wametoka kuota jua, mjane amebaki peke yake ndani, amenyolewa kwa mila ya msiba. Mtaalamu akaomba kumsalimia. Akaingizwa. Akasimama kidogo, akapiga picha, akaandika kwenye kidaftari chake. Akanywa chai, akaondoka.

"Kwani hukumwambia?" niliuliza.

"Nimwambie nini? Nilidhani anaona." Tukavuka reli. "Mimi ndiye niliyemwingiza, baba. Nilimshika mkono asijikwae kizingitini."

Mama yake alikuwa hai wakati huo. Tulimkuta anachambua maharage barazani. Alikipokea kitabu, akakisogeza mbali, akakileta karibu, akajitambua.

"Mbona hawakuniambia nijifunge kilemba?" akauliza.

Binti yake akamfasiria maneno ya chini ya picha kwa Kinyamwezi. Alifasiri sawasawa, hakupunguza hata moja. Mama akaweka kitabu pembeni, akanyanyuka, akaingia chumbani. Tukasikia anapiga kitanda kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayejaribisha kama mbao bado nzima. Akatoka.

"Si vilikuwa nje?"

"Vilikuwa nje, mama."

"Basi mwambie. Mwambie vilikuwa nje."

Alisema kwa utulivu, kama jambo dogo ambalo mtu amelisikia vibaya na atalirekebisha akielezwa. Akarudi kwenye maharage yake.

Mdadisi aliandika barua kwa anwani iliyokuwa nyuma ya kitabu. Akajibiwa kwamba wanamshukuru kwa kuvutiwa na kitabu chao. Akaandika tena. Akajibiwa kwamba picha zote huchukuliwa kwa ridhaa ya wahusika. Ya tatu haikujibiwa. Na kila tulipopita kijijini, mama alikuwa anauliza jambo lilelile kabla hata ya habari za safari: "Umemwambia?"

"Bado, mama."

Alifariki akiwa bado anauliza. Nilikwenda kuzika. Akina mama walipoanza kutoa vyombo nje ili wapate pa kulala, Mdadisi alisimama mlangoni, mikono miwili kwenye miimo, akasema hakitoki kitu. Shangazi yake akambembeleza. Mchungaji akambembeleza. Hakitoki. Wafiwa walilala wamebanana barazani siku tatu, wananung'unika, na kile kitanda cha mninga kikabaki chumbani kimetandikwa shuka jeupe, hakuna anayekilalia.

Baada ya hapo hakuandika tena barua. Alifanya kazi tu, kuliko zamani, mpaka akawa kiongozi wa timu. Nilidhani amesahau. Kumbe alikuwa anamngoja.

Mtaalamu akarudi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe na sasa alikuwa mkubwa, anafuatana na wageni na wapiga picha wake mwenyewe, kuja kuzindua awamu mpya ya ule ulinganishaji. Tulijipanga kumpokea. Alipomfikia Mdadisi, aliyemkalimania majira mazima, aliyemshika mkono kwenye kizingiti, akatabasamu na kusema, "Nafurahi kukufahamu."

"Karibu Tabora," Mdadisi akajibu.

Mchana huo alinifuata ninapooshea gari. Mvua za masika zilikuwa zimechanganya.

"Ile mbuga ya kwenda kwetu," akasema, "gari linaweza kukwama?"

"Likiendeshwa na mjinga."

"Basi kesho uwe mjinga."

Nikaacha kitambaa ndani ya ndoo. Nilikuwa na watoto shuleni, na rekodi safi ambayo madereva wenzangu waliionea wivu. Lakini nilikuwa nimemwona yule mama akipiga kitanda kwa kiganja. Na huyu bwana, tangu atue, alikuwa ananiita kwa kupiga vidole.

"Kukwama kwa muda gani?" niliuliza.

"Mpaka aone njaa."

Kesho yake tukampeleka mtaalamu kuona kaya za majaribio, nami nikalizamisha gari. Naandika hapa bila kuficha: palikuwa na njia kavu mkono wa kulia, nikaiacha, nikaingia kwenye udongo mweusi mpaka milango ikagoma kufunguka. Gari la pili, la wageni wenzake, lilikuwa mbali nyuma, limekatwa na korongo lililojaa. Tulikuwa watatu: yeye, Mdadisi na mimi. Mvua ikashuka. Tukatokea madirishani, tukatembea. Mtaalamu aliacha kiatu kimoja kwenye tope, kisha cha pili. Alianguka mara mbili. Mdadisi alitangulia, amekunja sketi, hageuki.

Akatupeleka kwenye bani, kile kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku, ambacho msimu huo kilikuwa kitupu. Mtaalamu akakaa chini, mgongo ukutani, anatetemeka. Mwanamke mmoja wa jirani alimletea kanga ajifunge ili suruali ikauke. Saa zikapita. Alipoletewa michembe kwenye bakuli la plastiki, alikula kwa mikono miwili, mpaka vipande vilivyomdondokea mapajani.

Mdadisi akatoa kishikwambi kutoka kwenye mfuko wa nailoni.

"Tunaweza kujaribu dodoso jipya," akasema kwa Kiingereza, "wakati tunasubiri?"

Mtaalamu akacheka, akasema ni wazo zuri sana.

Alimuuliza taratibu, kwa adabu. Sakafu? Udongo. Kitanda? Akatazama kushoto na kulia, akacheka tena: hakuna. Kiti? Hakuna. Choo? Akaonyesha kichakani. Maji ya kunywa? Ya mvua. Viatu? Hakuna. Kipo chakula kingine ndani ya nyumba baada ya hiki? Hapo hakucheka sana. Alipoinamisha kichwa kujifuta uso kwa pindo la kanga, Mdadisi akapiga picha. Moja tu.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Walikuwepo viongozi waliotoka Isikizya, makao makuu ya wilaya, wachungaji, masheikh, waandishi wa habari, watendaji wa vijiji. Mwenyekiti wa kitongoji cha kwao Mdadisi alikuwa mstari wa tatu, na suti, kwa sababu kijiji chao kilikuwa kimewekwa kwenye mpango wa kuchimbiwa kisima. Mdadisi alipewa nafasi ya kueleza majaribio ya uwandani. Akasema ataonyesha kaya moja ambayo timu yake imeikuta katika hali mbaya kuliko zote katika wilaya.

Ikatokea picha. Mtu mrefu mwenye mvi, kanga ya maua, miguu yenye tope imenyooshwa sakafuni, uso umeinama, ukuta mtupu nyuma yake.

"Hana cha kukalia," Mdadisi akasoma. "Hana cha kulalia. Hana viatu. Maji anayokunywa ni ya mvua."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mtaalamu mwenyewe alikuwa wa kwanza, alipiga hata makofi, anawageukia wageni wenzake kuwaeleza habari ya tope. Mdadisi alingoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Akaweka picha ya pili pembeni ya ile ya kwanza.

"Huyu ni mama yangu mzazi," akasema, Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. "Siku hiyo tulikuwa tumemzika baba jana yake. Alikuwa na vitanda viwili, kabati, meza na viti sita. Vitanda vilikuwa nje. Alinituma nikwambie. Amekufa akingoja nikwambie."

Mtaalamu alisimama, uso umekuwa mwekundu. "Sikujua," akasema.

"Hukuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yako, kazi yangu ilikuwa kufasiri chochote utakachouliza. Hukuuliza."

Akashuka jukwaani. Nilikuwa nimeshawasha gari, lakini mtaalamu alitufuata mpaka nje, mbio, bila koti. Alisema anasikitika kwa moyo wake wote. Nadhani alikuwa anasema kweli, machozi yalikuwa yanamtoka. Akaomba apelekwe kwenye kaburi la mama, akamwombe radhi pale.

Mdadisi alimsikiliza mpaka mwisho. "Kaburi lake hutalipiga picha," akasema, akafunga mlango.

Njiani aliimba. Alto ya kwaya, wimbo mzima, anagonga dashibodi kwa vidole. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya namna ile, na sitasema uongo, nami niliimba.

Yaliyofuata yalikuja polepole. Mkataba wake haukuongezwa, na wangu haukuongezwa. Kisha kijiji chao kikapata barua kwamba mipango imebadilika na kisima kitachimbwa kwingine. Barua haikutaja ukumbi wala picha, labda hata havihusiani. Lakini watu walihusisha. Mwenyekiti wa kitongoji alimfuata nyumbani, nami nilikuwepo, nimempelekea sukari.

"Sisi tulitaka maji," akamwambia. "Wewe ulitaka aibu ya yule mtu."

"Nimeipata," Mdadisi akasema.

"Na maji?"

Alichukua ndoo yake, akatoka kwenda kisimani, kile cha zamani, cha mbali, chenye maji ya rangi ya chai. Wanawake waliokuwa njiani walimpisha bila kumsalimia. Alikwenda hivyo kila siku, ndoo kichwani, shingo imenyooka. Kwaya walimwambia apumzike kidogo. Akapumzika. Miezi ilipita nikiwa najiuliza kama tulimlipizia mama yake au tulijilipizia wenyewe, kisha nakumbuka vile vidole alivyonipigia yule bwana, najikuta sijutii tope hata tone.

Sasa naendesha lori la tumbaku. Mwaka huu, msimu wa kusomba, nilikuwa Kaliua nasubiri kupakia, nikaenda stesheni kunywa chai. Nikamwona kwenye benchi, amekaa wima, begi kubwa miguuni na kiroba pembeni. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa. Nani anakukagulia rejeta siku hizi?"

Nikakaa. Aliniambia anangoja treni ya Kigoma. Nilidhani anakwenda kwa ndugu. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, akaninyooshea.

Ilikuwa jalada la kitabu. Kitabu kilekile, toleo jipya. Picha ya mama yake haipo. Mdadisi akasema mtaalamu alikuwa amemwandikia barua ndefu na nzuri. Picha imeondolewa kila mahali, haitatumika tena kamwe, na anamwomba radhi tena.

"Nilifurahi siku mbili," akasema. "Siku ya tatu nikatazama nani wamemweka."

Pale alipokuwa mama yake amekaa mwanamke mwingine, kijana zaidi, chini, kichwa kimenyolewa. Mlangoni nyuma yake kunaonekana vilima na zahanati yenye kibao. Chini pameandikwa nchi tu: Burundi.

"Jina la zahanati linasomeka," akasema. "Nimeuliza kwa bibi yule wa karanga. Anapajua. Ni mwendo wa siku moja kutoka mpakani."

"Unakwenda kumtafuta mtu kwa karatasi hii?"

"Kaya ngapi tumezitafuta kwa maelezo mabovu kuliko haya?" Akaikunja karatasi. "Nikimkosoa yule bwana mara moja na akamtoa mama yangu, si mimi ndiye niliyemkalisha huyu hapo? Nakwenda nimuulize siku hiyo kulikuwa na nini kwake. Nikiipata habari yake, narudi nayo. Safari hii sitangoja yule bwana aje Tabora. Nitamfuata anakokaa."

Macho yake yalikuwa yaleyale ya ukumbini. Treni ikapiga honi upande wa Tabora, watu wakaanza kubeba mizigo. Nilimnyanyulia kiroba, kikanielemea.

Alipokwisha kupata nafasi, akatoa kichwa dirishani. Ule ukali ulikuwa umemtoka usoni ghafla, nikaona mwanamke mzee aliyechoka.

"Baba," akasema. "Na nikimkuta hakukuwa na msiba? Nikamkuta ni njaa kweli?"

"Utampa chakula."

"Chakula nimebeba, ndicho ulichokiinua hapo. Nakuuliza nitaandika nini."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Nilitembea sambamba na dirisha lake, namtafutia jibu, mpaka jukwaa likaniishia.